Njaa ya Januari na mfuko wa mwalimu

Kengele ya shule hii ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkwaju, inagongwa kwa kipande cha nondo. Ikilia saa nne asubuhi, watoto wa darasa la pili wanatoka kwa kusukumana. Wenye shilingi mia wanakimbilia kwa mama muuza maandazi, pale kwenye uzio wa minyaa. Wasio nayo wanacheza rede, au wanasimama mbali kidogo na beseni, wakijifanya wana shughuli nyingine.

Mmoja habanduki kwenye dawati. Amelaza kichwa juu ya daftari, amesinzia.

Mwalimu wake, ambaye wanafunzi wanamwita madamu, hamwamshi. Anafungua kabati la chuma, anatoa chupa ya chai aliyokuja nayo kutoka nyumbani na kumimina uji kwenye kikombe cha plastiki, kisha anakiweka kando ya daftari. Halafu anarudi mezani kwake kusahihisha, akiwa amempa mtoto mgongo, ili akiamka anywe bila kutazamwa.

Ni Januari, wilayani Chamwino mkoani Dodoma. Uwele mashambani umefika magotini. Mwaka jana, alipokuwa naye darasa la kwanza, madamu alidhani mtoto huyu ana malaria. Akampeleka zahanati, akapimwa, hakukutwa nayo. Muuguzi aliuliza swali moja tu: huyu amekula nini leo?

Madamu ameomba jina lake na la shule yake yasiandikwe. Hakuna kosa alilofanya. Sababu yake ni kwamba anachokifanya hakimo kwenye waraka wowote anaoujua, wala hajaona fungu la fedha lililotengwa kwa ajili hiyo, na hataki kuitwa ofisini kueleza.

Kinachomrudisha darasani

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, niseme jambo ambalo makala za walimu husahau. Kazi hii ina raha yake. Tumezoea kumwandika mwalimu kama mtu wa kuhurumiwa: nyumba ya kupanga inayovuja, mshahara unaokwisha tarehe tano, vumbi la chaki kifuani. Hayo yote yapo. Lakini nilikaa nyuma ya darasa lake asubuhi nzima na sikumwona mtu wa kuhurumiwa. Nilimwona mtu anayecheka sana.

Alicheka mtoto mmoja aliponyoosha kidole kwa nguvu, akaitwa, akasimama, akasahau alichotaka kusema, akaomba kwenda chooni. Alicheka mwingine alipomwita mama kwa bahati mbaya, darasa zima likaangua kicheko na mtoto akajificha chini ya dawati. Hilo hutokea karibu kila wiki, na walimu wa madarasa ya chini wakikaa pamoja husimuliana kwa fahari nani ameitwa mama au baba mara nyingi zaidi.

Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo mwalimu wa madarasa haya hushuhudia tukio ambalo mwenzake wa sekondari hatalishuhudia kamwe: siku mtoto anaposoma mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo haipigi hodi. Mtoto anaimba ba, be, bi, bo, bu miezi na miezi, anafuata sauti za wenzake, kidole kikiwa juu ya silabi isiyo yenyewe. Kisha asubuhi moja macho yanaangukia mfuko mtupu wa sukari uliozibia dirisha. Su. Ka. Ri. Ananyamaza kidogo, ameshtuka. Anasoma tena, safari hii bila kukata. Kuanzia hapo hakuna kitakachopona: pakiti ya chumvi, kiberiti, mgongo wa basi, tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme.

Madamu anasimulia kisa cha msichana aliyejua kusoma ghafla katikati ya muhula, akaenda nyumbani na kumsomea bibi yake jina la kanga aliyokuwa amejifunga. Bibi alikuwa na kanga hiyo kwa miaka. Hakuwahi kujua imeandikwa nini. Kumbe ilikuwa ya mafumbo makali, ya kumsema jirani mwenye wivu, na bibi alikuwa akiivaa kila anapokwenda kuazima chumvi kwa jirani huyohuyo. Kesho yake alikuja shuleni na bakuli la karanga kumshukuru mwalimu. Akasema pia kwamba sasa anaelewa kwa nini miaka yote hiyo alikuwa akipewa chumvi kidogo.

Zipo raha nyingine, zinazochelewa. Konda wa daladala mjini Dodoma anakataa nauli yake na kuwatangazia abiria wote kwamba huyu ndiye aliyemfundisha kuhesabu. Madamu anakumbuka vizuri kwamba kijana huyo hesabu zilimshinda kabisa, na anamwangalia kwa makini anavyorudisha chenji za watu. Zinarudi sawasawa. Yupo muuguzi, yupo fundi pikipiki, yupo mwalimu mwenzake anayefundisha shule ya jirani na bado humwamkia kwa kuinama.

> Huwezi kumfundisha mtoto kusoma bila kumtazama mdomoni, na ukimtazama mdomoni utajua kama amekula.

Ninazitaja raha hizi kwa sababu ndizo zinazoleta mzigo. Mwalimu anayefurahia silabi ya kwanza ya mtoto ni mwalimu aliyemtazama mtoto huyo usoni kila siku. Huwezi kumfundisha mtoto kusoma bila kumtazama mdomoni, na ukimtazama mdomoni utajua kama amekula. Asiyetaka kujua inabidi afundishe akiwa ameelekea ubaoni, na wapo wanaofanya hivyo. Sitawalaumu haraka.

Shule inafunguliwa, ghala linafungwa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mavuno huingia Mei na Juni. Kaya iliyovuna kidogo huanza kuona sakafu ya kihenge mwisho wa mwaka, na miezi ya Januari hadi Machi, mimea ikiwa kijani shambani, ndiyo miezi ambayo ndani hakuna kitu. Wakulima wanaijua njaa hiyo vizuri, kwani huwakuta wakati wa palizi, kazi inapotaka nguvu nyingi.

Januari hiyohiyo ndiyo shule hufunguliwa. Sare mpya, madaftari, viatu, begi, kalamu. Mzazi anadaiwa kila kitu katika mwezi ambao hana chochote cha kuuza. Waliopanga mwaka wa masomo na waliopanga mvua hawakukaa meza moja.

Matokeo yake mwalimu huyasoma kwenye daftari la mahudhurio. Wiki za palizi baadhi ya watoto hupotea. Wakubwa wanakwenda vibarua kwenye mashamba ya watu, wadogo wanabaki kulea wadogo zao. Wanaokuja hutembea umbali mrefu tumbo likiwa tupu, wanaandika vizuri hadi saa tatu, kisha vichwa vinaanza kushuka.

Madamu aliamua kwenda nyumbani kwa yule anayelala. Alikwenda Ijumaa baada ya masomo. Kwa Wagogo huingii uani kwa kukurupuka. Alisimama, akaamkia mbukwenyi, akasubiri aitikiwe na kukaribishwa kigoda. Mtoto anaishi na bibi. Mama yake yupo Dar es Salaam kwenye kazi za ndani, hutuma fedha anapozipata.

Bibi hakusema chakula hakuna. Alisema chakula kipo cha mlo mmoja, na alilazimika kuchagua saa ya kukila. Akichagua asubuhi, mtoto anakesha akilia kwa njaa. Akachagua jioni. Kwa hiyo mtoto analala usiku kwa kuwa ameshiba, na analala darasani kwa kuwa hajala. Bibi alieleza hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyepiga hesabu zake na kuzihakiki, na mwalimu akakosa neno la kujibu.

Chini ya shilingi 31 kwa siku

Elimu ya msingi ilianza kutolewa bila malipo Januari 2016, na utaratibu huo ukafika hadi kidato cha nne. Ada za shule za msingi zilikuwa zimekwisha kufutwa tangu 2001, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uliojulikana kama MMEM. Kilichobaki kuwaelemea wazazi baada ya hapo ni michango, na ndiyo iliyolengwa safari hii. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa.

Fedha inayoendesha shule ya msingi ni ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichowekwa wakati wa MMEM. Kati ya hizo, 4,000 zimetengwa kwa vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Ukizigawa kwa siku 194 za masomo, unapata chini ya shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati, mipira na shajala za ofisi. Chakula hakimo. Hata kama kingekuwamo, andazi la mama wa kwenye minyaa ni shilingi mia.

Kwa hiyo uji wa kwenye chupa unatoka kwingine. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na walimu walishangilia pamoja na watumishi wengine. Lakini mshahara wa mwalimu hufika nyumbani ukiwa umeshapita mikononi mwa wengi: kodi, asilimia 5 ya pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 2 ya chama cha walimu, na kwa aliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali, asilimia 15 ya bodi ya mikopo. Bado hujagusa mkopo wa benki wa kumalizia nyumba. Na bado hujawagusa wale wakopeshaji wa mitaani tunaowaita kausha damu, wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu na kumpangia siku ya kwenda naye kwenye mashine.

Nilimuuliza madamu anatumia kiasi gani kwa mwezi kwa ajili ya watoto wa watu. Hajui. Hataki kujua. Mume wake, fundi uashi, ndiye anayejua, kwa sababu yeye ndiye anayenunua unga na kuona unavyokwisha upesi katika nyumba ya watu wanne.

Si uji peke yake. Ni daftari la mtoto aliyejaza lake mpaka kwenye jalada. Ni kandambili. Ni wembe wa kunyolea aliyeota mashilingi kichwani, na dawa ya kupaka. Ni kumhamishia dawati la mbele yule asiyeona ubao na yule mwenye ualbino, jambo lisilogharimu fedha, halafu kutafuta kofia pana, jambo linalogharimu.

Debe la mahindi

Njia iliyozoeleka ya kulisha watoto shuleni ni wazazi kuchanga. Debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, fedha kidogo ya mpishi na kuni. Watoto wanapata uji saa nne au makande mchana. Shule zilizofaulu kufanya hivyo hazifichi tofauti: mahudhurio yanapanda, utoro unapungua, na vipindi vya mchana vinakuwa vipindi kweli.

Lakini mchango una historia yake. Kabla ya 2016 mtoto angeweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya mlinzi, ya mtihani wa majaribio, ya tanki la maji ambalo halikununuliwa. Hata baada ya hapo michango iliendelea kujipenyeza, hadi Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku mwanafunzi yeyote kurudishwa kwa sababu ya mchango. Anayetaka kuchangia kwa hiari apitie halmashauri, mwalimu asiguse. Wazazi walishangilia. Katika baadhi ya shule, sufuria la makande lilizimika wiki hiyohiyo.

Ukaja baadaye mwongozo wa taifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, unaoirudisha kazi hii kwa wazazi na jamii kupitia kamati za shule. Ndiyo maana leo kila upande una hoja ya kushika mkononi. Mzazi anashika tamko: elimu bila malipo. Mtendaji wa kijiji anashika mwongozo: chakula ni jukumu la mzazi. Mwalimu ameshika chupa ya uji.

Wazazi wanaokataa huitwa wagumu, na viongozi wengine huwatisha hadharani. Niliowasikiliza mimi hawakuwa wagumu. Baba wa watoto watatu hudaiwa madebe matatu, na debe moja la mahindi ni kilo kati ya 18 na 20. Analetewa madai hayo Januari, mwezi ambao yeye mwenyewe ananunua unga wa kupima kwa kikombe. Anakumbuka pia fedha za tanki, na anakumbuka hakupewa risiti.

Serikali nayo haikukurupuka. Ukiacha mlango wa michango wazi kidogo, atakayefungiwa nje wa kwanza ni mtoto wa maskini. Hilo lilitokea miaka mingi, na kufutwa kwa michango kuliingiza darasani watoto ambao wangebaki kuchunga mbuzi. Sasa sera ya elimu iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025 inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Watoto watakaa shuleni muda mrefu zaidi, na matumbo yao yatakaa nao.

Kuna tatizo moja ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha, nalo ni la sufuria lenye orodha. Shule inapopika kwa michango, hutokea uamuzi kwamba anayekula ni yule ambaye mzazi wake amechangia. Uamuzi huo una mantiki kwenye karatasi, maana wote wakila bila kujali nani amechanga, mwezi wa pili hakuna atakayechanga. Lakini anayesimama kando ya sufuria na orodha mkononi ni mwalimu. Ndiye anayemwambia mtoto wa miaka minane atoke kwenye mstari.

> Anayesimama kando ya sufuria na orodha mkononi ni mwalimu. Ndiye anayemwambia mtoto wa miaka minane atoke kwenye mstari.

Walimu wa shule hii wamewahi kuifanya kazi hiyo, na wengi wao wanasema ni afadhali shule isipike kabisa. Watoto wote wakiwa na njaa, angalau wana njaa pamoja. Msimamo huo ni mgumu kuutetea mbele ya mtaalamu wa lishe. Mimi nauelewa.

Tuzo ya Dubai na foleni za Nairobi

Machi 2019 dunia ilimtuza mwalimu wa aina hii. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alipokea Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja. Karibu theluthi ya wanafunzi wake walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wanafunzi hao hao walifuzu kushiriki mashindano ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani. Na Tabichi alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kusaidia maskini.

Nilifurahi kama kila Mwafrika Mashariki. Lakini ile asilimia 80 ilitajwa kila mahali kwa kupigiwa makofi, na sikusikia wengi wakiuliza imekuwaje darasa la fizikia litegemee mshahara wa mtu mmoja, tena mtu aliyeapa kuishi kwa ufukara. Madamu wa Chamwino hakuweka nadhiri. Ana watoto wawili, mmoja kidato cha kwanza.

Hapohapo Kenya kuna jaribio la njia nyingine. Nairobi, tangu 2023, kaunti ikishirikiana na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru, inapika katika majiko makubwa ya pamoja na kupeleka chakula shuleni. Mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani. Sehemu kubwa ya gharama inabebwa na kaunti na shirika. Mtoto huvaa mkanda mkononi, anaugusisha kwenye kifaa, anapakuliwa. Orodha imo ndani ya mashine. Hakuna mwalimu anayeishika.

Jiji lina barabara za lami na shule zilizokaribiana, kwa hiyo jiko la namna hiyo huwezi kulihamishia Chamwino kesho. Kinachoweza kuhamishwa ni ule uamuzi wa kuiingiza njaa ya mtoto kwenye bajeti. Chamwino hiyohiyo, ambayo jina lake watu wengi wanalijua kwa sababu ya Ikulu, bado inasubiri uamuzi wa aina hiyo ufike kwenye shule yenye kengele ya rimu.

Zawadi ina macho

Si kila msaada wa mwalimu ni wa kusifiwa, na makala hii ingekuwa ya uongo isingesema hivyo. Mwalimu wa kiume anayemnunulia msichana wa darasa la saba sare anaweza kuwa mtu mwema. Anaweza pia kuwa mtu wa kufungwa jela. Kijiji hakina njia ya kumjua yupi ni yupi, na msichana naye anaweza asijue hadi iwe imechelewa.

Walimu wenye busara wamejiwekea taratibu zao. Kitu kinatolewa mbele ya mwalimu mwingine. Cha msichana kinapitia kwa matroni. Mtoto haitwi nyumbani kwa mwalimu peke yake kufuata daftari. Shule hii ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, kwa maana ya meza, daftari na mwalimu wa ushauri nasaha aliyeteuliwa, ambaye bado ana vipindi vyake vyote vya kufundisha.

Droo ya matroni ina pedi alizonunua mwenyewe. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa katika bajeti ya 2018, ikarudishwa mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Kenya ilikwenda njia nyingine, kwa sheria ya 2017 inayoitaka serikali iwape wasichana wa shule taulo hizo bure. Droo ya matroni haingojei hoja hizo zimalizike. Aliyeingia hedhi kwa mara ya kwanza katikati ya kipindi cha sayansi anahitaji kitu sasa hivi.

Na fimbo je? Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemteua, na viandikwe kwenye kitabu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa shuleni, na kwa muda taifa zima lilizungumza. Asubuhi niliyokuwa hapa, mwalimu wa zamu alikuwa getini akiwachapa waliochelewa, mmoja mmoja, mkononi. Kitabu sikukiona. Sikuhitaji kuuliza wangapi kati yao walichelewa kwa sababu walipitia kisimani kwanza.

Madamu naye ana fimbo. Ipo juu ya kabati lilelile lenye chupa ya uji. Anasema siku hizi huitumia zaidi kuonyesha silabi ubaoni. Watoto sikuwauliza.

Uwele au mahindi

Mwishoni mwa mwezi kamati ya shule iliitisha mkutano wa wazazi chini ya mkwaju. Wanaume wachache, wanawake wengi, mtendaji wa kijiji na daftari lake. Ajenda ya kwanza ilikuwa chakula.

Saa nzima ilikwenda kwa maneno ya kila mwaka. Kisha mzee mmoja akauliza kwa nini kila siku wanadaiwa mahindi, na kwa nini Januari. Ardhi hii ni ya uwele na mtama. Mahindi huwa wanayanunua. Mzazi aombwe uwele, aombwe mwezi wa sita akiwa amevuna, kila kaya kadiri ilivyopata, uwekwe stoo na usiguswe hadi shule itakapofunguliwa Januari. Mtu akahoji kuhusu dumuzi. Mzee akamjibu kwamba dumuzi ni ugonjwa wa mahindi. Uwele, ukikaushwa vizuri, unakaa. Wanawake waliitikia. Wao ndio watunzaji wa vihenge, hakuwafundisha kitu.

Mwalimu mkuu akaongeza kwamba shule ina ekari zake za shamba, ambazo tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea ya 1967 hulimwa mwaka mmoja na kuachwa miwili. Wazazi wakakubali kutoa siku mbili za plau.

Madamu alinyoosha mkono akapewa nafasi. Alikuwa na mambo mawili. Kwanza, sufuria lisiwe na orodha. Asiyekuwa na kitu ajulikane kwa balozi wa shina lake na mambo yaishie huko, yasifike kwenye mstari wa watoto. Pili, ufunguo wa stoo usikae kwa mwalimu yeyote. La pili lilipita bila ubishi, watu wakacheka. La kwanza lilibishaniwa kweli. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba watu watazembea, na alitaja ukoo ambao anaamini utaanza. Walipiga kura kwa mikono. Hoja ya madamu ilipita kwa kura chache.

Mtendaji aliandika: uwele au mtama, mwezi wa sita, baada ya mavuno. Kisha mwenyekiti akauliza nani ana wazo kuhusu Februari, Machi, Aprili na Mei. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akasubiri kidogo, akafungua ukurasa, akahamia kwenye ajenda ya mwisho, mengineyo, ambayo ilikuwa choo cha wavulana.